Swali la Saba

Swali la saba kwenye fomu liliuliza: kazi yako kuu kwa sasa ni gani? Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua. Muuza duka. Mfugaji. Mchuuzi. Kibarua. Mfanyakazi wa insentivu. Mama wa nyumbani. Hana kazi. Na mwisho kabisa, "Mengineyo, eleza." Ukigusa hiyo ya mwisho, tableti inakufungulia nafasi ya kuandika, na kuandika kunakula muda. Sisi tulilipwa kwa fomu, si kwa saa. Kwa hivyo wiki yote ya kwanza sikugusa "Mengineyo" hata mara moja.

Hiyo ilikuwa 2023, Dagahaley. Nilikuwa na miaka 24.

Nimezaliwa Garissa mjini. Mamangu anapika chapati na maharagwe karibu na stendi ya mabasi, na Kisomali nimekijua kabla sijajua kuandika jina langu, ingawa sisi si Wasomali. Nilienda Nairobi kusomea Takwimu, nikafika mwaka wa tatu, karo ikanishinda. Sina hadithi kubwa hapo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenifukuza. Deni lilikua, mtihani ukafika, jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, nikapanda basi la kurudi nyumbani na mabegi mawili. Nilimwambia mama ni likizo. Likizo hiyo bado inaendelea.

Kibarua cha Dagahaley nilikipata kupitia kwa binamu yangu. Utafiti wa hali ya maisha, siku 15, chakula na usafiri juu yao. Aliyekuwa anatafuta watu aliniuliza kwa simu, "Wewe ni wa Takwimu, sindio?" Nikasema ndio. "Ulimaliza lini?" Nikasema mwaka jana. Ni hivyo tu, maneno mawili. Siku tatu baadaye nilikuwa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, kimeandikwa jina langu, na chini yake: Msimamizi wa Utafiti. Nilijipiga selfi nacho kabla hata hatujatoka Garissa. Niliiweka kwenye stetasi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika: kutoka Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita mia moja, na kambi ziko kuzunguka mji huo mdogo. Hagadera iko kusini, Ifo na Dagahaley kaskazini. Zilifunguliwa 1991 na 1992, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na Wasomali wakavuka mpaka kwa miguu. Zote tatu zilipangwa kubeba watu 90,000. Wakati wa ukame wa 2011 walikuwa wamekaribia nusu milioni. Dagahaley yenyewe ni mchanga mwekundu, nyua za miiba, mabati, mikokoteni ya punda, na korongo wakubwa wanaosimama juu ya takataka kama wazee waliokosa kiti. Kuna soko ambalo lina kila kitu, kuanzia maziwa ya ngamia hadi simu. Kuna watu waliozaliwa humo na sasa wana watoto wanaosoma humo.

Na kuna neno moja ambalo lazima ulielewe, maana bila hilo huwezi kuelewa kitu kingine chochote pale: insentivu. Kwa muda mrefu mkimbizi hakuwa anaajiriwa kambini. Alikuwa "anajitolea," halafu anapewa kitu kidogo cha kumtia moyo. Anaweza kuwa mwalimu, mkunga, mkalimani, fundi wa bomba la maji. Atafanya kazi ile ile anayofanya Mkenya aliyekaa meza ya pili, saa zile zile, na atapata sehemu ndogo tu ya mshahara wa huyo Mkenya. Mkenya analipwa mshahara. Mkimbizi anatiwa moyo.

Kila timu yetu ilipewa mwongozaji kutoka kambini. Wangu alikuwa kijana wa rika langu, mpole, anayetembea haraka. Siku ya tatu tulijibanza chini ya mti tukisubiri jua lipungue makali, nikamuuliza amesoma wapi. Akaniambia ana shahada ya ualimu. Alisomea hapo hapo Dadaab, kupitia mpango wa BHER ulioanza 2013, ule uliounganisha Chuo Kikuu cha York cha Kanada na vyuo vya Kenyatta na Moi. Usiku alikuwa anasoma kwa tochi ya simu. Sasa anafundisha kwa insentivu, na shule zikifungwa anatafuta vibarua kama hivi.

Mimi ndiye nilikuwa msimamizi wake. Niligeuza kitambulisho changu kikaangalia kifua.

Tulifika kwa Dokta siku ya nane. Kwenye orodha alikuwa nambari tu, nyumba nambari fulani kwenye bloku fulani, lakini mwongozaji wangu alipoona nambari alitabasamu. "Huyu ni dhakhtar," akasema.

Daktari wa nini? Nilidhani ni wale wa kuuza dawa za kienyeji. Tulikuta mzee wa miaka sitini hivi ameketi kwenye kiduka cha mabati ukingoni mwa soko la mifugo, anauza sukari, unga, betri na kadi za simu. Ndevu zimepakwa hina. Niliposalimia kwa Kisomali alicheka, akajibu kwa Kiswahili. Kiswahili chake alikiokota kwenye foleni za chakula, kwa polisi na madereva wa malori, na alikuwa anakipenda.

"Karibu binti. Nyinyi ndio wa maswali?"

"Ndio, adeer. Hatutachukua muda."

Tukaenda vizuri mpaka swali la sita. Niliposoma la saba, kidole changu kilikuwa tayari juu ya "Muuza duka." Duka si hili hapa?

"Kazi yangu ni daktari wa mifugo," akasema.

"Kwa sasa, adeer. Hapa wanauliza kazi ya sasa."

"Ndio, sasa."

Kabla sijajibu, mama mmoja akaingia anaburuta mbuzi kwa kamba. Upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umefura kama mpira. Dokta hakuniomba radhi. Aliinuka, akapiga lile tumbo kwa vidole viwili akisikiliza mlio, akauliza maswali matatu mafupi: amekula nini, tangu saa ngapi, ana mimba? Kisha akachukua chupa ya mafuta ya kupikia kutoka rafu ya duka lake mwenyewe, akayamimina kwenye chupa ya soda, akainua kichwa cha mbuzi kidogo tu, si sana, akamnywesha taratibu kutoka pembeni mwa mdomo ili yasiingie kwenye mapafu. Akaanza kusugua ubavu wa kushoto kwa ngumi, mizunguko mikubwa, huku akizungumza na mbuzi. Ilichukua kama dakika ishirini. Mbuzi akapiga mbweu ambayo tuliisikia wote. Mama akatoa shilingi hamsini, Dokta akakata bei ya mafuta na kumrudishia chenji.

Mimi nilikuwa nimeshagusa "Muuza duka." Dakika ishirini ni karibu fomu moja.

Jioni hiyo, kwenye chumba tulichopanga Dadaab mjini, sikulala vizuri. Si kwamba nina moyo mzuri sana. Nilikuwa najua vile inavyouma. Nikiwa Nairobi nilikuwa "wa Takwimu." Mama alikuwa ananitambulisha hivyo kwa wateja: huyu ndiye yule wa Takwimu. Niliporudi, wateja wale wale walianza kuniita "msichana wa chapati." Hakuna aliyenitukana. Ilikuwa ndiyo kazi yangu ya sasa. Lakini kila nikiitwa hivyo nilihisi kuna mtu amefuta mstari mmoja kwenye maisha yangu bila kuniuliza. Na sasa nilikuwa nimemfutia mzee wa watu mstari wake, kwa ajili ya pesa ya fomu moja.

Siku iliyofuata nilipita tena dukani kwake baada ya kazi, nikanunua soda, nikakaa. Nilirudi karibu kila jioni, dakika chache kabla gari la timu halijaondoka. Ndipo akanisimulia.

Alisoma udaktari wa mifugo Mogadishu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, miaka ya themanini. Masomo mengi yalifundishwa kwa Kiitaliano, na wahadhiri wengi walikuwa Waitaliano. Mpaka leo sehemu za ndani za ng'ombe anazitaja kwa Kiitaliano kwanza, halafu anatafuta Kisomali, halafu ananiuliza kwa Kiswahili zinaitwaje. Mara nyingi sikuwa najua. Alifanya kazi ya serikali muda mfupi, kisha Januari 1991 mji ukalipuka. Cheti chake kilikuwa kwenye sanduku, sanduku lilikuwa kwenye nyumba, na nyumba haipo. Chuo nacho kiliporwa. Alifika Dagahaley 1992, kambi ikiwa bado changa, ana mke na mtoto mmoja mgongoni.

"Nikaandikishwa," akasema. "Wakauliza, kazi? Nikasema daktari wa mifugo. Wakaandika mfugaji."

Alicheka. Mimi niliangalia soda yangu.

Miaka mingi alifanya kazi ya kupakua magunia kwenye mgao wa chakula. Na hapo ndipo nikafika kwenye kisa ambacho kimenifanya niandike haya.

Mwishoni mwa 2006 mvua ilinyesha isivyo kawaida. Watu wa Garissa wanaikumbuka. Maji yalijaa mpaka kambini. Baada ya maji wakaja mbu. Halafu, kwa wafugaji wanaozunguka kambi, kondoo wakaanza kuharibu mimba. Hakuwa mmoja wala wawili, ni kwa mpigo, na wana-kondoo wakawa wanakufa siku ya kwanza. Dokta aliposikia hivyo alijua anachokiona. Alikuwa amefundishwa darasani: mvua kubwa, mbu wengi, mimba kuharibika zizi zima. Homa ya Bonde la Ufa. Na hiyo haiishii kwa kondoo. Mtu anaipata akimchinja mnyama mgonjwa, akishika damu yake au kile kilichotoka tumboni.

Alienda kwenye ofisi moja. Nitaiacha bila jina, maana yeye mwenyewe hakutaka kuitaja. Mlinzi wa lango akamuuliza yeye ni nani.

"Nikasema, daktari wa mifugo. Akaangalia miguu yangu. Nilikuwa na ndara na vumbi la unga, nimetoka kupakua. Akasema, mzee, siku ya malalamiko ni Jumatano."

Basi akazunguka mwenyewe. Alikwenda zizi kwa zizi na mlango kwa mlango baada ya kazi, akiwaambia watu wasichinje mnyama anayeumwa, wachemshe maziwa, wasishike mimba zilizotoka kwa mikono mitupu. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwambia yeye ni mtu wa magunia. Desemba hiyo ugonjwa ulithibitishwa rasmi, Garissa, na jina lilikuwa lile lile. Serikali ikafunga masoko ya mifugo na kukataza uchinjaji. Mpaka ulipoisha 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa Kenya.

Nilimuuliza kama anadhani angesikilizwa mapema kuna wangepona.

"Sijui," akasema. "Hata kama wangenifungulia, pengine wangekuwa wanajua tayari. Mimi si mtabiri, binti. Lakini nilitaka kusema, na nisikilizwe kama mtu anayejua."

Tunapozungumzia watu waliosoma wanaofanya kazi nyingine, kwa kawaida tunawaonea huruma wao. Injinia anaendesha teksi huko Ulaya, maskini. Mwalimu anauza mitumba, maskini. Dokta hakuhitaji huruma yangu. Duka lake lilikuwa linalipa kuliko insentivu za wengi. Hasara ilikuwa pia ya sisi wengine, tuliokuwa tunakula nyama upande wa pili wa ua. Mamangu alikuwa na sufuria ya supu jikoni Desemba ile. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna wakati unaona kabisa kwamba karatasi si ukuta, ni mlango, na kuna mtu ameshika kitasa. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwasambaza kaunti. Vyeti vyao vilishughulikiwa, wakapewa nyumba, wakaanza kazi, huku madaktari vijana wa Kenya wakilalamika kwamba wao wamekaa nyumbani. Sisemi ilikuwa vibaya kuwaleta. Nasema serikali ikitaka kukutambua, inakutambua kabla hujashuka ndege. Na kule Baringo, wenyeji walioishtaki serikali kuhusu mti wa mathenge walimfikisha mbuzi asiye na meno mbele ya mahakama kuu Nairobi, ili mahakama ijionee vile mti ule unavyoharibu mifugo. Nilimsimulia Dokta hiyo akacheka mpaka akafuta machozi. "Yaani mbuzi alipata ruhusa ya kufika Nairobi," akasema. Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, na polisi wako njia nzima mpaka daraja la Tana.

Kwenye sheria mambo yamebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi ya taaluma yake kama sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika ya Kenya. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Ni hatua, na sitaki kuibeza. Lakini daktari wa mifugo Kenya lazima asajiliwe na Bodi ya Mifugo, na kusajiliwa kunataka cheti, na cheti cha Dokta ni majivu ya Mogadishu. Yule mwongozaji wangu mwenye shahada ana nafasi. Sheria imewahi kwa kijana. Kwa mzee imechelewa miaka thelathini.

Siku ya mwisho nilienda kumuaga. Nilikuwa nimebeba mambo mawili ya kumwambia. La kwanza lilikuwa rahisi. Nilimwambia niliandika "Muuza duka," na kwamba jana usiku, kabla data haijatumwa, nilifungua fomu yake nikagusa "Mengineyo" nikaandika: daktari wa mifugo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji yake.

La pili lilinikwama. Alikuwa ananiita "msomi" tangu siku ya kwanza. Msomi, kunywa soda. Msomi, hii asilimia wanahesabuje.

"Adeer," nikasema, "mimi sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa tatu. Hapa niliwadanganya."

Alinyamaza kidogo. Nje punda alikuwa anapiga kelele.

"Mimi miaka thelathini watu wanasema sikusoma, na nilisoma," akasema. "Wewe wanasema umesoma, na hukumaliza." Akanitazama. Sikuona hasira, ila sikuona pia kwamba amenisamehe. "Hiyo kazi, kuna mtu aliyemaliza aliikosa?"

Nilimfikiria mwongozaji wangu. "Ndio," nikasema.

"Basi ujue hilo."

Hakusema zaidi. Nilidhani ndio mwisho, nikaanza kuinuka. Akaniambia nikae. Akaingiza mkono chini ya mbao ya kaunta akatoa madaftari, yale ya shule ya kurasa 200, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. La kwanza liliandikwa 1993. Kila mnyama aliyemshika alikuwa humo: tarehe, aina, umri, dalili, alichofanya, kilichotokea. Kisomali, Kiitaliano, michoro midogo ya miguu na matumbo. Mwaka 2006 ulikuwa na kurasa nyingi kuliko mingine, na mwandiko wake hapo ulikuwa wa haraka.

"Miaka mitatu ya Takwimu si sifuri," akasema. "Unaweza kuhesabu hii?"

Sikuwa na muda wa kuhesabu yote. Gari lilikuwa linapiga honi. Nilipiga picha kurasa nilizoweza, na tangu hapo mwongozaji wangu ananitumia nyingine kwa simu, anatafsiri maneno yanayonishinda, na mimi nayaingiza kwenye jedwali usiku baada ya kuosha sufuria za mama. Tumefika 2001. Hatujui tutaipeleka kwa nani. Majina yatakuwa matatu juu yake, na la Dokta la kwanza.

Yule aliyenipa kibarua nilimpigia nikamwambia ukweli. Hajanipigia tena, na sikutarajia anipigie. Kuhusu mama, nilimwambia pia, kati ya chapati ya kumi na ya kumi na moja. Akasema alijua, hakuna likizo ya miaka miwili.

Magazeti kama hili huomba mwandishi ajieleze kwa sentensi mbili mwishoni. Hapo awali ningeandika "mtafiti." Safari hii andikeni: anapika chapati Garissa asubuhi. Usiku anahesabu mbuzi wa Dagahaley, kwa niaba ya daktari wao.